Jiwe la Gizani

1. Chanji na jina la mji

Chanji ni kata mojawapo ya mji wa Sumbawanga, ulio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Mji huo umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ya juu iliyo kati ya Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Nchi hiyo ina majani mengi kuliko miti, na katika miezi ya Juni na Julai upepo wake ni wa baridi, hata watoto huenda shule mikono wameitia makwapani. Watu wake wengi ni wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti.

Husimuliwa kwamba jina la Sumbawanga limetokana na maneno mawili ya Kifipa: sumba, maana yake tupa, na wanga, maana yake uchawi. Basi maana ya jina, kama wasemavyo watu, ni "tupa uchawi". Lakini wengine walio mbali wameligeuza jina hilo kuwa dhihaka. Mtu wa Sumbawanga akifika Mbeya au Dar es Salaam, akaulizwa kwao ni wapi, mara nyingi huchekwa akaitwa mchawi, ingawa hakuna aliyemwona akitenda ubaya wowote. Zamani dhihaka hiyo ilisemwa kwa kinywa, ikaishia pale pale barazani. Siku hizi huandikwa katika simu, ikasomwa na watu wasiohesabika.

Habari ifuatayo imetungwa kuwa mfano. Lakini mambo ya namna hii hutukia kweli, katika Ufipa na katika nchi nyingi za dunia, nayo yafaa yajulikane na kila mwanafunzi.

2. Picha ya alfajiri

Msichana mmoja wa Chanji alikaa na bibi yake mzaa mama. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, naye alipenda sana hesabu. Kila siku kabla ya jua kuchomoza alikwenda bombani kuteka maji, apate kurudi mapema na kuwasha moto, kisha aende shule. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni ukungu ulikuwa mzito. Kwa ajili ya baridi alijifunika shuka jeupe la bibi yake tangu kichwani mpaka miguuni, akajitwika ndoo, akashika njia.

Mvulana mmoja wa darasa lake alikuwa ametumwa dukani na mama yake, na simu ya mama ilikuwa mkononi mwake. Alipomwona mwenzake katika ukungu alicheka, akampiga picha. Chini yake akaandika: "Mwanga wa Chanji, jua limemkuta njiani." Akaituma katika kundi la WhatsApp la binamu zake, watu 18. Hakuwa na chuki na msichana yule. Alitaka watu wacheke tu. Kisha akaifuta katika simu ili mama yake asiione, akaenda zake shule.

Lakini kuifuta katika simu ya mama hakukuifuta katika simu za wengine. Binamu aliyekaa Mpanda aliwatumia rafiki zake. Mmoja wa hao aliituma Mbeya, na huko mtu akaongeza maneno: "Sumbawanga hiyo, msicheze." Jioni picha ilikuwa imekwisha kurudi Chanji kwa njia nyingine, katika simu za watu waliolijua shuka lile na njia ile.

Kesho yake shuleni msichana aliitwa Mwanga. Alipokaribia bombani, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Siku ya tatu mtu asiyetaja jina lake aliandika katika kundi la mtaa: "Ulizeni anakaa na nani. Macho ya yule bibi ni mekundu." Ni kweli kwamba macho ya bibi yalikuwa mekundu, yalikuwa hivyo kwa sababu ya moshi wa kuni aliopikia kwa miaka 50.

Hapo mzaha uligeuka kuwa hatari. Katika Tanzania wamekuwapo wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine walishukiwa kwa ajili ya macho mekundu tu. Bibi alianza kufunga mlango wake kabla ya jua kuchwa. Msichana aliacha kula vizuri, kisha akaacha kwenda shule. Mvulana aliyepiga picha aliyaona hayo yote, akaogopa, akanyamaza.

3. Uonevu wa mtandaoni ni nini?

Uonevu ni tendo la kumwumiza au kumwaibisha mtu kwa kusudi, na mara nyingi hurudiwa, na aonewaye hana nguvu ya kujitetea. Uonevu ukifanywa kwa njia ya simu au kompyuta, huitwa uonevu wa mtandaoni. Namna zake ni nyingi. Kumwandikia mtu matusi au vitisho ni uonevu. Kueneza uongo juu yake ni uonevu. Kutoa picha yake ya aibu bila ruhusa, kujifanya yeye kwa kufungua akaunti kwa jina lake, na kumtoa katika kundi kwa shauri la pamoja ili alie peke yake, yote hayo ni uonevu.

Wengi wakiulizwa hujibu, "Ulikuwa utani tu." Basi yapasa kujua utani ni nini. Katika Tanzania utani ni desturi yenye heshima. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Hutupiana maneno makali, wala hakuna anayekasirika. Lakini utani una kanuni zake. Watani hujuana kwa uso. Kila mmoja aweza kumjibu mwenzake. Wote wawili hucheka. Tena siku ya msiba mtani huja nyumbani kwa mtani wake na kumsaidia.

Sasa pimeni picha ya alfajiri kwa kanuni hizo. Je, msichana aliweza kujibu? Hakujua hata ni nani aliyeanza. Je, alicheka? Alilia. Je, waliocheka kule Mbeya walikuwa tayari kuja kumsaidia bibi yake? Hawakujua hata jina lake. Kwa hiyo jambo lile halikuwa utani. Jambo ambalo mmoja hucheka na mwingine hulia ni uonevu, hata likipewa jina jingine. Wahenga walisema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu."

4. Mambo manne yaliyo mapya

Kusengenya si jambo jipya. Watu walisengenyana kabla ya simu kuwapo. Lakini simu imeuongezea ubaya huo wa zamani nguvu nne.

Kwanza, hauna saa ya kulala. Zamani mtoto aliyeonewa shuleni alipata kupumzika alipofika nyumbani. Siku hizi maneno humfuata mpaka kitandani.

Pili, haufutiki kwa urahisi. Neno la kinywa husahauliwa, bali picha hukaa katika simu za watu, ikaweza kurudi baada ya mwaka mzima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tatu, huenda mbali kwa upesi. Mwaka 2019 wenye WhatsApp waliweka mpaka kwa dunia nzima, kwamba mtu asipeleke mbele ujumbe aliopokea kwa zaidi ya mahali 5 kwa mara moja. Fanyeni hesabu hata kwa mpaka huo. Mtu mmoja akiwapelekea watu 5, na kila mmoja wao akawapelekea wengine 5, hao ni 25. Mara ya tatu watakuwa 125, mara ya nne 625, na mara ya tano 3,125. Tena yawezekana mahali pamoja pasiwe mtu mmoja, ila kundi zima. Na kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu 1,024.

Nne, mtendaji haoni machozi. Mtoto ampigaye mwenzake uwanjani huuona uso wake, na mara nyingi huruma humshika akaacha. Lakini aandikaye katika simu huona kioo tu. Ni kama mtu arushaye jiwe gizani: hajui limempata nani, mpaka asikie kilio. Na katika mtandao, hata kilio hakisikiki.

5. Nani huonewa, na nani huonea?

Ubaya huu si wa mji mmoja. Mwaka 2019 shirika la UNICEF lilitangaza majibu ya vijana zaidi ya 170,000 wa umri wa miaka 13 hadi 24, katika nchi 30. Katika kila vijana watatu, mmoja alisema kwamba amepata kuonewa mtandaoni. Katika kila watano, mmoja alisema kwamba amekosa kwenda shule kwa sababu ya uonevu huo na ukali ulioambatana nao. Kwa hiyo msichana wa Chanji aliyebaki nyumbani ana wenzake wengi duniani, ingawa yeye alidhani yu peke yake.

Watoto huwaonea wenzao kwa sababu mbalimbali. Wengine wana wivu. Wengine walionewa wao kwanza, wakataka kulipiza. Wengine huogopa kwamba wasipocheka pamoja na kundi, kesho watachekwa wao. Na wengi, kama mvulana yule, hawakukusudia madhara makubwa; hawakufikiri. Lakini moto hauulizi kusudi la aliyeuwasha.

Mtoto anayeonewa mara nyingi hasemi. Huona haya, au huogopa kunyang'anywa simu, au hudhani wakubwa watasema ni mambo ya kitoto. Lakini ziko dalili. Huanza kuwa mnyamavu, hushtuka simu ikilia, hulala vibaya, huumwa kichwa au tumbo asubuhi ya shule, hushuka katika masomo, hujitenga na rafiki. Mwenye kuona dalili hizo kwa mwenzake asimcheke, bali amkaribie na kumwuliza kwa upole.

6. Sheria yasemaje?

Wengine hudhani kwamba katika mtandao hakuna serikali. Wamekosea. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo chakataza kumpelekea mtu ujumbe kwa njia ya kompyuta, na simu janja ni kompyuta, kwa kusudi la kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu moyoni. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya nayo ilitunga sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2018, na Uganda mwaka 2011.

Je, mtoto akikosa hufanywaje? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, nayo yakataza mtoto kuhukumiwa kwenda gerezani. Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, ambayo yaweza kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile iliyoko Irambo katika Mkoa wa Mbeya. Hilo si gerezani. Lakini ni mbali na nyumbani.

Wengine tena hutumaini majina ya uongo. Mtu mmoja wa Uholanzi alimtesa msichana wa Kanada kwa vitisho, akijificha nyuma ya majina ya uongo zaidi ya 20, na bahari kuu ikiwa kati yao. Hata hivyo polisi walimpata, na mwaka 2022 mahakama ya Kanada ilimwona ana hatia. Katika Tanzania usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019. Basi kila namba ina mwenyewe anayejulikana.

Na hapa pana jambo ambalo watoto wengi hawalifikiri. Wanafunzi wengi wa shule ya msingi hawana laini zao. Hutumia simu ya mama, ya baba, ya kaka au ya shangazi. Mtoto akituma matusi kwa simu ya mama, namba itakayoonekana ni ya mama, na alama ya kidole ni ya mama. Wa kwanza kuulizwa hatakuwa mtoto.

7. Mkono uliozuia

Katika darasa lile palikuwa na msichana mwingine, aliyeketi dawati la nyuma. Hakuwa rafiki mkubwa wa yule aliyeonewa. Picha ilimfikia katika simu ya shangazi yake, naye mara ya kwanza alicheka. Alipoona kiti cha mwenzake ki tupu siku ya pili, hakucheka tena.

Hakuipeleka picha mbele. Alimwonyesha shangazi yake, akamwambia habari yote. Shangazi hakuifuta kwa haraka. Aliyahifadhi maneno yale, na namba zile, na tarehe, maana hayo ndiyo ushahidi. Wakaenda kwa mwalimu wa kike aliyesimamia malezi ya wanafunzi. Mwalimu alimwarifu mtendaji wa kata, kwa sababu maneno juu ya bibi yalikuwa ya hatari. Na mtendaji akaenda nyumbani kwa bibi siku ile ile, akaketi barazani mbele ya watu wote, akanywa maji ya nyumba ile.

Msichana wa dawati la nyuma alifanya jambo moja zaidi, ambalo hakuna aliyemwagiza. Kesho yake alfajiri alikwenda bombani, naye amejifunika shuka jeupe. Wakateka maji wote wawili, wakarudi pamoja. Siku iliyofuata walikuwa wanne.

Tendo la mtoto mmoja si dogo. Wataalamu wa Kanada waliwachunguza watoto wakicheza katika viwanja vya shule, wakatangaza habari zao mwaka 2001. Waliona kwamba mara nyingi uonevu hutendeka mbele ya watoto wengine, na wachache tu huuingilia. Lakini mtoto mmoja akiingilia kumtetea mwenzake, katika zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Waonevu wengi hutafuta watazamaji. Watazamaji wakikataa, mchezo huisha.

Ndivyo ilivyo pia katika simu. Wakulima wa Ufipa tangu zamani wana desturi ya kufukia majani ndani ya matuta, yakaoza yakawa mbolea. Majani yale yale yakiachwa juu mpaka kiangazi, cheche moja hutosha kuunguza mlima. Anayepokea neno baya ana majani mkononi: aweza kuyafukia, aweza kuyawasha. Aliyepiga picha ya alfajiri alikuwa mmoja tu. Aliyeifikisha Mpanda, na Mbeya, na mpaka mlango wa bibi, hakuwa yeye. Walikuwa watu wengi, na kila mmoja alisema moyoni, "Mimi nimetuma tu."

8. Mambo yapasayo kufanywa

Anayeonewa afanye hivi. Asijibu tusi kwa tusi, maana jibu la hasira humpa mwonevu nguvu. Asifute ushahidi, ahifadhi picha ya maneno yale yalivyoonekana katika kioo cha simu. Kisha aizuie namba au akaunti ile, na kuwaarifu wenye mtandao kwa njia iliyowekwa. Zaidi ya yote, amwambie mtu mzima amwaminiye: mzazi, bibi, shangazi, mwalimu. Mtu mzima wa kwanza asiposikiliza, amwambie wa pili. Aweza pia kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Tena katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, na katika halmashauri wako maafisa wa ustawi wa jamii. Ajue pia kwamba kosa si lake.

Mtoto yeyote akiombwa na mtu picha ya mwili wake, asitoe, hata akibembelezwa au kutishwa. Na kama amekwisha kutoa, aseme upesi kwa mkubwa. Siri ndiyo kamba amfungiayo mwonevu.

Anayeona mwenzake akionewa asicheke, asiongeze neno, asipeleke mbele. Amwendee mwenzake, hata kwa maneno machache. Amwarifu mkubwa. Hilo si uchongezi. Mchongezi husema ili kumtia mtu mashakani; huyu husema ili kumtoa mtu mashakani.

Aliyekosa naye ana njia. Aifute picha, akiri, aombe msamaha kwa aliyemwumiza, kisha ajitahidi kurudisha alichoharibu mahali pale pale alipokiharibia.

9. Barazani kwa bibi

Mwalimu na shangazi walipofuata namba zile moja baada ya moja, waliifikia namba ya kwanza. Ilikuwa ya mama wa mvulana, mwuza mboga sokoni. Aliitwa mbele ya mtendaji. Akaapa kwamba hajui lolote, na watu hawakumwamini. Mvulana alikuwa amesimama nje ya dirisha. Aliposikia sauti ya mama yake ikitetemeka, aliingia ndani, akasema, "Ni mimi."

Jioni ile mama na mwana walikwenda nyumbani kwa bibi. Mvulana alipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaeleza alilofanya, wala hakulipunguza. Akaomba msamaha kwa bibi, na kwa msichana aliyesimama mlangoni. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Waliocheka ni wangapi?"

"Siwajui, bibi."

"Unaowajua wewe ni wangapi?"

"Ni 18."

"Basi anza na hao."

Usiku ule, kwa ruhusa ya mama yake, mvulana aliandika katika kundi la binamu: "Picha ile niliipiga mimi. Yule si mwanga. Ni mwanafunzi mwenzangu, alikuwa akienda kuteka maji. Nimemwonea yeye na bibi yake. Uliyeituma, mwambie uliyemtumia." Mtendaji naye aliandika katika kundi la mtaa, akaonya kwamba mwenye kumtaja mzee yeyote kuwa mchawi ataitwa kujibu. Katika wale 18, watu 11 walijibu kwamba wamefanya kama walivyoombwa. Wengine hawakujibu kamwe.

Msichana alirudi shule juma lililofuata. Siku za kwanza hakuinua macho. Mwezi wa Septemba alifanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Juma lile lile picha ya alfajiri ilirudi tena Chanji, safari hii kutoka Kigoma, imetumwa na mtu asiyejua habari zake. Ilimfikia mtoto wa darasa la tano katika simu ya kaka yake. Mtoto yule aliitazama, akaijua. Akamwandikia aliyeituma: "Huyu ni dada yetu. Ifute." Kisha akaifuta yake, akarudisha simu mahali pake, akaenda kulala.

Maswali

1. Jina la Sumbawanga husimuliwa kuwa na maana gani, na watu wa mbali wameligeuzaje?
2. Tajeni kanuni nne za utani. Picha ya alfajiri ilivunja zipi?
3. Mtu mmoja akipeleka ujumbe kwa watu 5, na kila mmoja akaendelea hivyo, mara ya sita watakuwa wangapi?
4. Kwa nini mama wa mvulana aliitwa kabla ya mwanawe?
5. Kuna tofauti gani kati ya mchongezi na mtu anayearifu uonevu?
6. Bibi alisema, "Basi anza na hao." Alitaka nini? Je, mvulana aliweza kulimaliza kosa lake lote?
7. Andikeni barua kwa mwanafunzi mwenzenu aliyeacha shule kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa juu yake katika simu.